Ofisi ndogo ya mawakili katika kesi ya jinai: jibu kwa dada wa Morogoro

Swali: "Mdogo wangu ni mtunza stoo wa kampuni moja ya kusambaza vinywaji hapa Morogoro. Mwezi uliopita alikamatwa pamoja na dereva wa gari la usambazaji, na wote wawili wameshtakiwa Mahakama ya Wilaya kwa wizi wa mtumishi, yaani kumwibia mwajiri. Wanadaiwa kuiba bidhaa za shilingi milioni 18. Yuko nje kwa dhamana na hoja za awali bado hazijasomwa. Baba mdogo anataka tuchange tuchukue kampuni kubwa ya mawakili ya Dar es Salaam. Mimi nimezungumza na ofisi ndogo yenye mawakili wawili jirani na mahakama, wamesema watawatetea yeye na dereva kwa bei ya mmoja. Kuna pia mtu tuliyekutana naye pale mahakamani anayesema kwa nusu ya fedha hizo ataimaliza kesi. Mdogo wangu alikamatwa saa 3 asubuhi, maelezo ya polisi yakaandikwa saa 11 jioni. Anasema wiki mbili za kipindi kinachotajwa kwenye hati ya mashtaka alikuwa likizo Kilosa. Je, ofisi ndogo inatosha? Na tukiona hawafai, tunaweza kubadilisha kesi ikiwa katikati?"

Dada yangu, kwa kesi ya aina hii ofisi ndogo inatosha, ilimradi wakili utakayempa fedha ndiye atakayelisoma jalada na ndiye atakayesimama mbele ya hakimu siku shahidi wa mlalamikaji atakapopanda kizimbani. Ofisi yenye mawakili arobaini inaweza kukutumia kijana aliyelipokea jalada jana jioni, na ofisi yenye mawakili wawili inaweza kukupa mtu ambaye kwa miezi minane atakuwa anaikumbuka kila karatasi ya stoo ile. Kinyume chake pia hutokea, kwa hiyo ukubwa wa ofisi hautakusaidia sana kuamua.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya namna kesi za jinai zinavyoamuliwa kwetu. Upande wa mashtaka ndio wenye wajibu wa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi, na Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inamhesabu mdogo wako kuwa hana hatia hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Hata hivyo shaka haijitengenezi yenyewe kwenye mwenendo wa kesi. Hujengwa kwa maswali ya dodoso, yaani yale ambayo wakili humuuliza shahidi wa upande wa pili, na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba upande ulioshindwa kumdodosa shahidi juu ya jambo la msingi huchukuliwa kuwa umelikubali jambo hilo. Meneja wa ghala akisema funguo za stoo alikuwa nazo mdogo wako peke yake, na wakili wenu akanyamaza, basi kauli hiyo itamfuata mdogo wako hadi kwenye hukumu, na pengine hadi kwenye rufaa. Atakapokuja kujitetea na kusema kulikuwa na seti ya pili ya funguo kwa meneja mwenyewe, hakimu atajiuliza kwa nini meneja hakuulizwa alipokuwa pale. Wakili asiyelijua jalada hawezi kuliuliza swali hilo, awe ametoka Dar es Salaam au ofisi iliyo jirani na mahakama.

Sasa tazama wakili wa ofisi ndogo alivyowapokea mara ya kwanza, kwa maana mengi huonekana siku hiyo. Kesi ya wizi wa mtumishi kuhusu stoo ni kesi ya karatasi kuliko kesi ya mashahidi wa macho. Wakili anayeifahamu kazi hii, kabla hajataja bei, ataomba kuiona hati ya mashtaka na kusoma tarehe zake kwa makini, kisha atamuuliza mdogo wako mwenyewe (si wewe) maswali ya kuchosha: mzigo ulipokelewa kwa hati gani, nani aliitia saini, leja ilijazwa na nani alipokuwa likizo, funguo alimkabidhi nani na makabidhiano hayo yaliandikwa wapi, mali ilihesabiwa lini kwa mara ya mwisho kabla ya upungufu kugundulika, na je, mdogo wako alikuwepo walipohesabu. Atauliza habari za daftari la getini, kwa sababu kreti za soda haziruki ukuta. Zilitoka kwa gari, gari lilipita getini, na mlinzi aliandika au hakuandika. Atataka kujua milioni 18 zilipatikanaje: kwa bei ya kununulia au ya kuuzia, na kama chupa zilizovunjika na bidhaa zilizorudishwa na wateja ziliondolewa kwenye hesabu. Taarifa ya ukaguzi wa ndani inaweza kuonyesha upungufu bila kuonyesha mwizi, na kati ya mambo hayo mawili kuna nafasi kubwa ya utetezi. Ikiwa wakili mliyezungumza naye alisema tu kwamba "kesi hii ni nyepesi" na kuingia moja kwa moja kwenye fedha, hiyo ni sababu ya kumtilia shaka, na udogo wa ofisi yake hauhusiki.

Kuna mambo mawili katika barua yako ambayo ningependa uyatumie kama mtihani wa wakili yeyote mtakayemwendea.

La kwanza ni saa za maelezo ya onyo, yaani yale aliyoandikishwa polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inawapa polisi muda wa msingi wa saa 4 kumhoji mtuhumiwa tangu anapowekwa chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo hiyo. Kutoka saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni ni saa 8. Haina maana kwamba maelezo hayo yameshakufa. Upo muda ambao hauhesabiwi, kwa mfano muda wa kumsafirisha mtuhumiwa, na mahakama hutazama mazingira yote. Lakini ni hoja halisi, na inakwenda pamoja na nyingine: kama alielezwa haki yake ya kumwita wakili, ndugu au rafiki, kama alisomewa yaliyoandikwa, na kama alitia saini kwa hiari. Pingamizi la namna hii linapaswa kutolewa kabla maelezo hayajapokelewa kuwa kielelezo, na mahakama ikisikia kwamba mshtakiwa aliteswa au kulazimishwa husimamisha kesi ya msingi na kulichunguza suala hilo peke yake kwanza. Wakili aliyechelewa dakika kumi siku hiyo, akakuta kielelezo kimeshapokelewa, amepoteza nafasi ambayo rufani haimrudishii kwa urahisi. Mwulize wakili: "Maelezo haya ya onyo utayafanyia nini?" Anayefaa ataomba kwanza kujua mdogo wako alisema nini ndani yake. Akiahidi hapo hapo kwamba yatatupwa, fahamu kwamba anakufurahisha tu.

La pili ni ile likizo ya Kilosa. Utetezi wa kwamba mshtakiwa hakuwepo mahali pa tukio una utaratibu wake: sheria inataka notisi itolewe mapema, kabla ya kesi kusikilizwa, na kama haikutolewa, basi maelezo yake yatolewe kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Usipofuata utaratibu huo, hakimu anaweza kuamua kutoupa utetezi huo uzito wowote. Aidha, fomu ya likizo iko mikononi mwa mwajiri, ambaye ndiye mlalamikaji, kwa hiyo wakili lazima ajiandae kuiomba mahakama itoe wito wa kuleta hati hiyo, pamoja na rejista ya mahudhurio ya wiki hizo. Likizo ya wiki mbili haitamsafisha kwa kipindi chote kama hati inataja miezi mitatu, lakini inaweza kulibomoa dai la kwamba yeye pekee ndiye aliyekuwa na udhibiti wa stoo, na hilo kwa kesi yenu linaweza kuwa ndilo jambo lenyewe. Wakati wakili anashughulikia hati, ninyi tafuteni tiketi ya basi, miamala ya simu aliyoifanya akiwa Kilosa, na majina ya watu waliokuwa naye ambao wako tayari kuja mahakamani kusema hivyo chini ya kiapo.

Kabla ya hayo yote kuna siku ya hoja za awali, ambayo familia nyingi huiona kama siku ya kupita tu. Siku hiyo wakili wa serikali husoma maelezo ya kesi, na mambo ambayo mshtakiwa na wakili wake wanayakubali huandikwa, yanasomwa, yanatiwa saini, na kuanzia hapo huhesabiwa kuwa yamethibitishwa bila shahidi kuitwa. Jina lake, kazi yake na tarehe ya kuajiriwa hayana ubishi. Kiasi cha mzigo alichokabidhiwa, na kwamba funguo zilikuwa kwake peke yake, ni mambo ya kukataa ili Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ithibitishe. Nimekwisha kuona majalada ambayo nusu ya kesi ilikubaliwa siku hiyo kwa sababu wakili alikuwa na haraka ya kwenda chumba cha pili. Kwa kuwa hatua hiyo bado iko mbele yenu, mna nafasi ya kuajiri mtu kabla yake badala ya baada yake, na nakushauri msiipoteze. Wakili huyo aombe pia nakala ya maelezo aliyoyatoa mlalamikaji polisi, kwa maana sheria inampa mshtakiwa haki hiyo pale aliyetoa taarifa ya kosa anapotajwa kuwa shahidi, na tofauti kati ya aliyoyasema polisi na atakayoyasema kizimbani ni silaha kubwa katika dodoso.

Nije kwenye lile pendekezo la kuwatetea wawili kwa bei ya mmoja. Likatae, hata kama ofisi ni nzuri na hata kama dereva ni rafiki wa familia. Leo wote wawili wanasema hawakuiba. Kesho dereva anaweza kusema alipakia mzigo aliopewa na mtunza stoo, kwa hati aliyopewa na mtunza stoo, na kwamba yeye ni wa kuendesha tu. Huo ni utetezi halali kwake na ni shtaka kwa mdogo wako. Wakili mmoja hawezi kumdodosa dereva kwa ukali unaostahili wakati dereva naye ni mteja wake aliyemweleza siri zake. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu ungamo la mshtakiwa mmoja kuzingatiwa dhidi ya mwenzake, ingawa haliwezi kuwa msingi pekee wa kumtia hatiani, na hutokea Jamhuri ikamfutia mashtaka mmoja wao ili aje kuwa shahidi dhidi ya aliyebaki. Hapo wakili wa wote wawili atalazimika kujitoa kwa wote wawili, na fedha zenu zitakuwa zimekwenda. Kumgawa kila mshtakiwa kwa mmoja wa mawakili wawili wa ofisi ile ile hakuondoi tatizo, kwa kuwa wanatumia kabati moja la majalada, karani mmoja na mapato mamoja. Dereva atafute wakili wake kwingine. Kwamba ofisi hiyo ililitoa pendekezo hilo kabla ya kuusoma utetezi wa kila mmoja ni jambo ningewauliza waziwazi, na jibu lao lingenisaidia kuamua kama ni watu wa kupewa kesi.

Udhaifu halisi wa ofisi ndogo ni ratiba. Mawakili wawili hawana mtu wa tatu. Mahakama Kuu ikipanga vikao vya kesi za mauaji kwa wiki mbili na wakili wako amepangiwa kesi humo, Mahakama ya Wilaya itampisha, kwa sababu mahakama ya juu hutangulia, na kesi ya mdogo wako itaahirishwa. Kuahirishwa mara moja au mbili kwa mtu aliye nje kwa dhamana kunavumilika. Kwa aliye mahabusu ni jambo jingine kabisa. Baya zaidi ni pale wakili anapomwomba mwenzake amshikie kesi siku ya shahidi muhimu. Siku ya kutajwa tu, ambapo hakuna shahidi anayesikilizwa, kushikiwa hakuna madhara. Siku ya kumsikiliza mkaguzi wa hesabu, kuna madhara makubwa. Muulizeni mapema nani atasimama siku hiyo ikiwa yeye hayupo, na wekeni kwenye makubaliano kwamba siku ya ushahidi hatatumwa mtu mwingine bila mdogo wako kuambiwa na kuridhia.

Njia bora ya kumpima wakili haigharimu chochote. Mahakama ni ya wazi, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kukaa kwenye benchi la nyuma na kufuatilia kila neno. Muulize karani wa ofisi hiyo ni lini wakili ana kesi ya kusikilizwa, nenda umtazame. Tazama kama anaandika shahidi anapozungumza, kama maswali yake ni mafupi na yana mwelekeo, kama anainuka kwa wakati kupinga kielelezo kisichopokelewa kisianze kusomwa, na kama hakimu anapomuuliza jambo la kwenye jalada analijua au anapekua. Nguo na sauti kubwa zisikuvutie. Ukiwa nyumbani unaweza pia kuingia tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ndizo nyingi humo, kwa hiyo utaliona jina lake zaidi katika rufaa. Usitafute aliyeshinda zote, maana hayupo. Tafuta kama ana kesi za jinai kweli, kwa sababu ofisi nyingi ndogo huishi kwa mirathi, ardhi na mikataba, na kesi za jinai huzichukua zinapojitokeza.

Uhakiki wa kwamba mtu ni wakili kweli ni rahisi na ufanyike leo: jina lake litafutwe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, uone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Wakili anayetakiwa kuhuisha cheti chake kila mwaka na akawa hajahuisha hapaswi kusimama kwa ajili yenu.

Yule mtu wa mahakamani hutamkuta kwenye mfumo huo, kwa kuwa hayumo. Ni kishoka, yaani mtu anayejifanya wakili, au ni dalali wa kishoka, na maneno "nitaimaliza kesi" yana maana moja tu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Sura ya 329, inamshika anayetoa na anayepokea, kwa hiyo familia iliyoanza na mshtakiwa mmoja inaweza kuishia na wawili au watatu. Mara nyingi fedha hiyo haimfikii hakimu yeyote. Kesi ikiisha vizuri atasema ni yeye, ikiisha vibaya hatapatikana kwenye simu. Msimjibu, msimwahidi, na mkiendelea kusumbuliwa TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo. Angalieni pia kama wakili yeyote mnayezungumza naye anatumia watu wa aina hiyo kumletea wateja, maana kanuni za maadili za mwaka 2018 zinamkataza kutafuta kazi kwa njia hizo.

Kuhusu fedha, sitakupa bei, kwa kuwa hutofautiana kwa kesi, kwa mji na kwa wakili. Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inatoa mwongozo, na wakili na mteja wanaweza kuandikiana makubaliano yao. Ninachokitaka ni kwamba makubaliano hayo yaandikwe na yaseme fedha hiyo inanunua nini. Je, ni kuanzia hoja za awali hadi hukumu? Je, rufaa imo au haimo? Nauli na nakala za mwenendo, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, ni za nani? Kodi ya ongezeko la thamani imo kwenye bei mliyotajiwa au itaongezwa baadaye? Na swali ambalo watu wengi hulisahau: Mkurugenzi wa Mashtaka akiiondoa kesi mahakamani, kisha mdogo wako akakamatwa tena mlangoni na kusomewa mashtaka mapya yanayofanana, je, mtalipa upya? Sheria haizuii kabisa mashtaka yaliyoondolewa kwa namna hiyo kurudi, na hutokea. Lipeni kwa awamu zinazofuata hatua za kesi, mkipewa risiti ya EFD kila mara. Wakili anayedai fedha yote siku ya kwanza amejiondolea sababu moja ya kuja siku ya mwisho, na anayesema mtamlipa akishinda tu, au anayetoa hakikisho la ushindi, anavunja maadili ya kazi yake.

Wewe na baba mdogo mtalipa, lakini mteja ni mdogo wenu. Anachomwambia wakili ni siri kati yao, inayolindwa na sheria, na wakili mwema atakutoa nje ya chumba ili aisikie kesi kutoka kwake bila yeye kuona aibu mbele ya dada yake. Usikasirike. Huenda kuna jambo ambalo hajawaambia, na ni heri wakili alisikie sasa kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa shahidi wa Jamhuri. Uamuzi wa kukiri au kukana, na wa kujitetea kwa kiapo au kunyamaza, ni wake yeye baada ya kushauriwa. Familia haipigi kura.

Huenda mwajiri akawaambia mlipe milioni 18 naye afute kesi. Kesi ni ya Jamhuri, na mlalamikaji hana mamlaka ya kuifuta peke yake. Malipo yaliyofanywa bila wakili na bila maandishi yanaweza kugeuzwa kuwa dalili ya kukubali kosa. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, yanayosajiliwa mahakamani, na adhabu ya juu ya wizi wa mtumishi ni miaka 10 jela, kwa hiyo wakili anaweza kuona ni jambo la kufikiriwa au la kukataa kabisa. Hilo lisiamuliwe kwenye ofisi ya meneja.

Baba mdogo naye hakosei moja kwa moja. Ningemuunga mkono kama shtaka lingekuwa utakatishaji fedha, ambalo halina dhamana, au kosa la uhujumu uchumi lenye majalada ya maelfu ya kurasa, akaunti za benki nyingi na wataalamu wa hesabu wa kuajiriwa. Hapo unahitaji watu wa kusoma kwa zamu, na ofisi ya watu wawili huzidiwa. Kwa kesi yenu, kinachoweza kukosekana katika ofisi ndogo ni mhasibu wa kuichambua taarifa ya ukaguzi, na huyo mnaweza kumlipa kwa siku chache bila kuhamia Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Morogoro mwaka 2024, wakili wa Dar anafika haraka kuliko zamani, lakini siku yake bado mtailipa, hata siku ambayo hakimu ana udhuru na kesi inatajwa tu kwa dakika tano.

Kama michango haitafika, msimwache peke yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaweka utaratibu wa kumsaidia asiye na uwezo, na Chama cha Wanasheria Tanganyika pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana dawati au mtandao wa kuwaelekeza.

Na kubadilisha wakili inawezekana katika hatua yoyote. Mdogo wako ndiye atakayesema mahakamani kwamba hataki tena kuwakilishwa na fulani, na ni vizuri wakili wa kwanza ajulishwe kwa barua kabla ya siku hiyo ili arudishe hati zenu halisi. Kazi iliyokwisha kufanyika italipwa, na hapa ndipo malipo ya awamu yatawaokoa. Kama mashahidi wameshaanza kusikilizwa, wakili mpya aombe nakala ya mwenendo na asikubali kuendelea siku hiyo hiyo kabla hajausoma. Hakimu kwa kawaida atampa muda, ingawa hatampa kila mara. Shahidi aliyekwisha kuondoka kizimbani harudi kwa urahisi, kwa hiyo kama mna mashaka na wakili, amueni kabla meneja wa ghala na mkaguzi hawajaitwa. Kama malalamiko yenu yatakuwa ya kimaadili, kwa mfano kala fedha bila kutokea mahakamani, yapelekeni kwa maandishi kwenye Kamati ya Mawakili mkiambatisha yale makubaliano na risiti. Endapo hukumu itatoka vibaya mkiwa katikati ya mabadiliko hayo, notisi ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu inatakiwa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na mdogo wako anaweza kuitoa mwenyewe, hata akiwa gerezani kupitia mkuu wa gereza, wakati ninyi mnaendelea kumtafuta wakili wa rufaa.